Je, tuache kwenda kliniki? Jibu kwa dada wa Louisville

"Mtaalamu, salamu. Tuko Louisville, Kentucky, tangu 2022. Sisi ni Wakongo wa Fizi, tulitokea kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu wa miaka 4, 9 na 15, na mama yangu wa miaka 58 ambaye ana kisukari na presha. Mume anafanya kazi ghalani, dola 19 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Sote tunatibiwa kwenye kituo cha afya cha jamii kwa Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato cha chini. Fomu za grini kadi, kibali cha kukaa nchini kwa kudumu, tulituma 2024 na bado tunangoja. Sasa kanisani wanasema serikali inafunga vituo hivi, wakimbizi wanatolewa kwenye Medicaid, na ukionekana kliniki jina lako linapelekwa uhamiaji. Nimeshafuta miadi miwili ya mama. Vidonge anavikata nusu ili visiishe. Je, tuache kwenda?"

Dada yangu, hapana, msiache. Kabla sijaingia kwenye habari za Washington, nianze na vile vidonge. Mama arudi leo kwenye dozi aliyoandikiwa. Asimeze viwili kwa mpigo kufidia vile alivyokata; aendelee tu na dozi yake ya kawaida, na kliniki ijulishwe. Kisukari na presha vinadanganya, kwa sababu mtu anaweza kukaa wiki kadhaa bila maumivu yoyote akadhani nusu kidonge kinatosha, kumbe figo, macho na mishipa ya miguu vinaliwa kimyakimya. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu, kuchanganyikiwa, kupata maumivu ya kifua, au upande mmoja wa mwili ukalegea, hapo si suala la miadi tena. Pigeni 911. Tangu 1986 sheria inailazimisha hospitali yenye emajensi kumpima kila anayefika na kumtuliza hali yake, awe na bima au hana.

Sasa turudi kwa hayo uliyoyasikia kanisani. Siwezi kukuambia ni uongo mtupu. Kila moja lina chembe ya kweli ndani yake, na ndiyo maana yanatisha. Tatizo ni kwamba mambo matatu yamefungwa mzigo mmoja: kituo, bima na uhamiaji. Kila moja lina sheria yake na tarehe yake. Tuyafungue moja moja.

Nianze na kituo chenyewe. Vituo hivi vilianza 1965, Boston kwanza, mtaa wa Columbia Point, kisha Mound Bayou huko Mississippi. Aliyevianzisha pamoja na mwenzake Count Gibson ni daktari Jack Geiger. Nikieleza historia hii kwa watu wetu huwa sikosi kusema kwamba mbegu yake aliitoa Afrika. Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari alikaa Afrika Kusini, kwenye kituo cha Pholela kilichoanzishwa na Sidney na Emily Kark, akaona jinsi afya ya kijiji inavyojengwa kwa kuangalia maji, chakula na nyumba pamoja na dawa. Aliporudi kwao alikwenda mbali hadi akawa anawaandikia watoto wenye utapiamlo chakula kwenye karatasi ya dawa, na bili inalipwa kutoka bajeti ya famasi. Kwa hiyo mnapoingia pale Louisville mkaulizwa kama mna chakula nyumbani, si uchunguzi wa polisi. Ni desturi ya vituo hivi tangu siku ya kwanza.

Leo viko takriban 1,400 nchi nzima na vinahudumia zaidi ya watu milioni 30 kwa mwaka. Vingi vinaendeshwa kwa kifungu cha 330 cha sheria ya afya ya umma, na kifungu hicho kina masharti mawili unayopaswa kuyashika kichwani. La kwanza, kituo hakiruhusiwi kumrudisha mtu kwa sababu hana pesa. Malipo hupangwa kwa kipato na idadi ya watu nyumbani: kaya iliyo chini ya mstari wa umaskini hulipa kiasi kidogo tu cha kushika mkono au hailipi kabisa, iliyo juu yake hadi mara mbili ya mstari huo hulipa sehemu, na zaidi ya hapo ni bei kamili. La pili, wajumbe wa bodi inayokisimamia, angalau asilimia 51, lazima wawe wagonjwa wa kituo hichohicho. Maana yake hata wewe unaweza kukaa kwenye meza ile.

Tupige hesabu ya nyumbani kwako. Dola 19 mara saa 40 mara wiki 52 ni dola 39,520 kwa mwaka. Kwa viwango vya 2025, mstari wa umaskini kwa kaya ya watu sita ni dola 43,150. Mko chini yake. Kwa hiyo hata Medicaid ikiondoka kesho, mmo kwenye daraja la punguzo lote. Mnachohitaji ni kujaza fomu ya punguzo, na karatasi za mshahara za mume. Angalizo tu: kila kituo kina namna yake ya kuhesabu kaya, hivyo uliza mapema kama mama anahesabiwa pamoja nanyi. Jambo hilo moja linaweza kubadilisha daraja.

Je, vituo vinafungwa? Hakuna sheria iliyopitishwa ya kuvifunga. Kinachotikisika ni chungu chao, na chungu hicho kinakaa juu ya mafiga. Figa kubwa ni Medicaid. Karibu nusu ya wagonjwa wa vituo hivi nchini wanayo, na kila mgonjwa wa Medicaid akitibiwa, kituo hulipwa kiwango maalumu kwa ziara, kilichowekwa ili gharama za kumhudumia zirudi. Mgonjwa huyohuyo akipoteza bima, kituo bado kinamhudumia, ila kinapata zile dola chache za dirishani badala ya malipo ya ziara. Ndiyo maana habari ya Medicaid ni habari ya kituo hata kama jina la kituo halikutajwa. Figa la pili ni ruzuku ya serikali kuu, ambayo sehemu yake kubwa inatoka kwenye mfuko uliowekwa na sheria ya bima ya mwaka 2010. Mfuko huo una tabia mbaya ya kuisha muda. Miaka hii ya karibuni Bunge la Marekani limekuwa likiuongeza kwa miezi michache, kisha michache tena. Meneja wa kliniki asiyejua kama atakuwa na fedha baada ya miezi mitatu hawezi kuajiri daktari kwa mkataba wa miaka mitatu, na hilo ndilo mgonjwa analoliona kama miadi ya wiki sita mbele. Januari 2025, serikali iliposimamisha ruzuku ghafla, baadhi ya vituo vilishindwa kuchota fedha zao kwa siku kadhaa. Oktoba mwaka huohuo shughuli za serikali zilifungwa kwa siku 43. Naamini uvumi wa "wanafunga" ulizaliwa hapo.

Basi ukweli ni huu: baadhi ya matawi yanaweza kupunguza saa, kuunganishwa au kufungwa, hasa ya vijijini. La kituo chenu utaliuliza pale dirishani, hutalipata kanisani. Wakisema tawi fulani linafungwa, waulize faili la mama linahamia tawi gani, na chukueni dawa za kutosha kabla ya siku hiyo.

Tuingie kwenye bima. Hapa ndipo kanisa lenu limesikia jambo la kweli, na sitalipunguza makali. Sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa Julai 4, 2025 ilibadilisha nani kati ya wageni anaweza kupata Medicaid kwa fedha za serikali kuu. Kuanzia Oktoba 1, 2026 wanaobaki ni wenye grini kadi, Wacuba na Wahaiti wa kundi maalumu, na raia wa visiwa fulani vya Pasifiki vyenye mkataba na Marekani. Wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata grini kadi wanatoka. Tangu mpango wa wakimbizi uanze 1980, watu kama ninyi mlishuka kwenye ndege mkiwa tayari mnastahili. Mlango huo umefungwa kwa sheria. Afisa wa dirishani hana njia ya kuufungua hata akikuhurumia, na mimi linaniuma kuliandika, kwa sababu nimekaa miaka kwenye meza ya kuandikisha watu na najua sura zao.

Lakini soma vizuri nani hasa anaguswa na lini. Mtu mwenye grini kadi aliyeingia nchini kama mkimbizi habanwi na ile subira ya miaka 5 wanayosubiri wengine. Kadi ikitoka, mlango wa Medicaid unafunguka tena. Watoto na wajawazito wana njia nyingine: sheria imeyaachia majimbo hiari ya kuendelea kuwabeba watoto na wajawazito wanaoishi nchini kihalali, hata bila grini kadi, na majimbo mengi yaliichukua hiari hiyo kwa watoto. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie watoto wako watatu wametoka kwa sababu wewe umetoka. Kila jina kwenye familia huamuliwa peke yake. Barua ikija, isome jina kwa jina. Na Medicaid ya dharura, inayolipia mambo kama kujifungua au ugonjwa wa ghafla unaotishia maisha, bado ipo kwa wenye kipato cha chini waliokosa Medicaid kwa sababu ya hadhi ya uhamiaji.

Kuna sharti jingine la sheria hiyohiyo ambalo watu wanalichanganya na hili: saa 80 za kazi, mafunzo au kujitolea kwa mwezi kwa watu wazima wa miaka 19 hadi 64 walioingia kupitia upanuzi wa Medicaid, yaani mlango uliofunguliwa kwa watu wazima wengi zaidi wenye kipato cha chini. Mwisho wa majimbo kulianza ni Januari 1, 2027. Wewe mwenye mtoto wa miaka 13 au chini umesamehewa. Mama, kwa maradhi yake, huenda akasamehewa kama mgonjwa, lakini hilo linahitaji maneno ya daktari kwenye faili, na daktari ataandika nini kuhusu mgonjwa ambaye hajamwona miezi minne? Mume anafanya kazi saa mara mbili ya zinazotakiwa. Kwenu tatizo litakuwa karatasi, maana kuanzia mwisho wa 2026 kundi hili litahakikiwa kila baada ya miezi sita badala ya mwaka.

Kentucky wanaijua hadithi hii. Jimbo lilipanua Medicaid 2014. Likataka kuweka sharti la kazi lianze Julai 2018, hakimu wa serikali kuu akalizuia siku chache kabla, na gavana Andy Beshear akalifuta Desemba 2019. Mwaka 2025 wabunge wa jimbo wakalirudisha wakipindua kura ya turufu ya gavana huyohuyo. Arkansas, ambako sharti kama hilo lilifanya kazi kwa miezi michache 2018, zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima, na wengi wao walikuwa wanafanya kazi au walistahili kusamehewa. Walichokosa ni kuripoti.

Nilikutana na jambo hilo kwa macho yangu. Mzee mmoja alikuja na mfuko wa duka, ndani bahasha 11 ambazo hazijafunguliwa. Alikuwa anazihifadhi kwa heshima, kama nyaraka za ardhi, akingoja mwanawe arudi kutoka chuo azisome. Ya nne tuliyofungua ilikuwa ya kuhakiki Medicaid, na muda ulishapita wiki tatu. Tangu siku hiyo nawaambia watu: bahasha ya jimbo ifunguliwe siku ileile, hata kama hujui Kiingereza. Ipige picha, ipeleke kituoni. Hakikisha pia jimbo lina anwani yenu ya sasa, kwa maana familia zetu huhama fleti mara nyingi na barua hubaki kwenye sanduku la zamani.

La tatu, uhamiaji. Faili la matibabu la mama linalindwa na sheria ya siri za mgonjwa ya 1996. Kliniki haina kazi ya kupeleka orodha ya wagonjwa. Chembe ya kweli ni hii: Juni 2025 taarifa za waandikishwa wa Medicaid kutoka baadhi ya majimbo zilikabidhiwa idara ya usalama wa ndani, inayosimamia uhamiaji, na kesi zikafunguliwa. Zile ni taarifa za bima, zikiwemo jina, anwani na hadhi. Hazikutoka kwenye chumba cha daktari. Kwa familia yenu, mlioingia kihalali kwa ndege mliyopangiwa na serikali yenyewe, wanajua jina na anwani yenu tangu siku ya kwanza. Kuacha kwenda kliniki hakuwafichi chochote, kunamuumiza mama tu. Na kutumia Medicaid hakuharibu ombi lenu la grini kadi: kile kipimo cha "mzigo kwa serikali", kinachoangalia kama mwombaji ataitegemea serikali kuishi, hakiwahusu wakimbizi.

Kama kuna ndugu anayeishi nanyi asiye na karatasi, jibu linabadilika. Kliniki aende, lakini kabla hajaweka jina lake kwenye ombi lolote la bima, azungumze na wakili. Julai 2025 wizara ya afya pia ilitangaza kwamba huduma za vituo hivi zihesabiwe kuwa fao la serikali kuu lisilomhusu mtu wa aina hiyo. Majimbo kadhaa yakashtaki, na Septemba 2025 mahakama ya Rhode Island ikalizuia tangazo hilo kwenye majimbo yaliyoshtaki. Ninyi wakimbizi tangazo hilo halikuwagusa.

Mfanye nini basi? Kwanza grini kadi, kwa sababu ndiyo ufunguo wa yote. Mwishoni mwa 2025 idara ya uhamiaji ilitoa amri ya kusitisha grini kadi za wakimbizi walioingia kati ya Januari 2021 na Februari 2025, na ninyi mmo humo. Hili si la kuuliza rafiki. Nendeni kwa wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na wizara ya sheria kwenye shirika lililowapokea, mkabebe stakabadhi ya fomu za 2024 na kila barua iliyofuata. Msimlipe mtu anayejiita mtaalamu wa fomu sebuleni kwake.

Pili, bima ya kazini kwa mume. Medicaid ikikatika, mna siku 60 za kuomba kuingia kwenye bima ya mwajiri bila kungoja msimu wa kujiandikisha. Sitaisifia bila kuipima. Makato ya familia nzima kwa mshahara wa dola 19 yanaweza kuwa makubwa, na bima nyingi zinataka ulipe mwenyewe maelfu ya dola kwanza kabla hazijaanza kulipa. Pia mara nyingi haitambeba mama mkwe. Huenda ikafaa mume ajiandikishe na wewe, watoto wabaki kwenye mpango wa jimbo kama umewakubali, na mama atumie punguzo la kituo. Soko la bima la serikali lipo, lakini ruzuku yake kwa wakimbizi wasio na grini kadi inakoma Januari 1, 2027, kwa hiyo usijenge nyumba juu yake.

Dawa za mama zisikutie hofu kubwa. Vituo hivi hununua dawa kwa bei ya chini kupitia mpango wa 340B uliopo tangu 1992, na dawa za kawaida za kisukari na presha ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa. Usiende duka la dawa la barabarani na kulipa bei ya ukutani. Mwombe daktari atume dawa kwenye famasi ya kituo au ile waliyoingia nayo mkataba.

Yote haya nimeyaandika kwenye karatasi, na karatasi haimuoni mama. Kituoni kuna mtu wa kuandikisha bima, Kentucky wanamwita kynector, na msaada wake ni bure. Kaa naye uso kwa uso kabla ya Oktoba 2026, ukiwa na karatasi za mshahara, kadi za Medicaid za wote sita na stakabadhi za uhamiaji. Ukipiga simu, kabla ya kitu kingine omba mkalimani. Ni haki yenu na hamlipii. Sema Kiswahili cha Kongo, kwa sababu wakalimani wengi ni wa pwani, na mama akisema kwa lafudhi ya Fizi neno linaweza kupotea. Usimtumie kijana wa miaka 15 kutafsiri mambo ya figo za bibi yake.

Muuguzi atakapouliza kama mama anameza dawa zake, mwache mama aseme mwenyewe kwamba alikuwa anakata nusu, na tangu lini. Hatagombezwa. Watapima sukari yake ya miezi mitatu, wataangalia figo na miguu, na dozi itapangwa kwa hali yake ya leo.